Mtoto wa Chifu Aliyekataa Kiti

Somo la kusomwa na kujadiliwa katika mkutano wa kikundi

Jinsi ya kutumia somo hili: Mtu mmoja mwenye sauti nzuri asome, wengine wasikilize. Wekeni kiti kimoja kitupu katikati ya duara, na kisikaliwe na mtu mpaka mwisho. Somo linaweza kuchukua mikutano miwili. Msiharakishe.



 

Somo hili nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa sababu linanigusa mimi mwenyewe. Kwa hivyo acheni nianze na kosa langu, ndipo nitapata uso wa kuwaambia ninyi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisaidia kikundi kimoja cha akina mama upande wa Molo. Walikuwa na ng'ombe wa maziwa wa pamoja na akaunti ya benki. Walipoanza hawakuwa wanaaminiana, wakaomba jina langu liwe kati ya majina ya watia sahihi. Nikakubali, nikasema ni mwaka mmoja tu mpaka wazoee. Ule mwaka ukawa minne. Kila wakitaka pesa ya kununua dawa au chakula cha ng'ombe, mtu apande matatu mpaka Nakuru kunitafuta. Mara niko semina, mara niko mkutanoni. Siku moja ng'ombe mmoja akaugua nami sikupatikana kwa siku mbili. Daktari wa mifugo hakuja bila pesa. Ng'ombe akafa.

Nilipoenda kuwapa pole, mama mmoja mzee akanishika mkono akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi tulikupa kalamu utusaidie nayo. Sasa ile kalamu imekuwa fimbo."

Sikulala usiku ule. Sikuwa nimeiba hata shilingi. Vitabu vyangu vilikuwa safi. Kosa langu lilikuwa moja: nilipewa kiti kwa muda, na muda ulipokwisha sikuinuka. Ndipo nikaanza kujiuliza, je, mtu hujifunza wapi kuinuka kitini? Shule zinatufundisha jinsi ya kupata cheo. Nani anatufundisha jinsi ya kukiacha?

Leo tutawatazama watu wawili waliojua. Mmoja ni wa hapa kwetu Kenya, na wengi wenu mnalijua jina lake. Mwingine ni wa zamani sana, askari wa farasi huko Ufaransa, lakini mtaona jinsi nyayo zake zilivyofika mpaka huku kwetu, mwendo mfupi kutoka Londiani.

SEHEMU YA KWANZA: KIJANA WA BUNGOMA

Mwezi wa Januari 1923, mahali panapoitwa Chebukwa, Bungoma, alizaliwa mtoto katika boma la chifu. Baba yake alikuwa Sudi Namachanja, chifu wa Wabukusu, na mama yake aliitwa Rosa Namisi. Boma lilikuwa kubwa, lenye wake wengi na watoto wengi.

Ninyi wazee mnakumbuka, au mlisimuliwa na wazazi wenu, chifu wa wakati wa mkoloni alikuwa nani. Hakuwa mtu wa kutia muhuri barua za kitambulisho. Kodi ilipita mikononi mwake. Watu wa kwenda kutengeneza barabara aliwatoa yeye. Ukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, neno lake lilikuwa zito. Mtoto aliyetazamiwa kurithi kiti kama hicho hakuhitaji kutafuta maisha. Maisha yalikuwa yanamngojea.

Kijana huyo alibatizwa mwaka wa 1935, akaitwa Maurice Michael. Sisi tunamjua kwa jina la Kadinali Otunga. Alisoma Mang'u, akaenda seminari ya Gaba huko Uganda, kisha akapelekwa Roma. Njiani humo swali likawa lazima lijibiwe: je, atarudi kukalia kiti cha baba? Akakataa. Akaiacha haki yake ya kumrithi chifu, akachagua kuwa padri. Alipewa upadri Roma tarehe 3 Oktoba 1950.

Hebu tusimame hapa kidogo. Siku hizi tunasoma jambo hili haraka haraka, eti "aliacha uchifu akawa padri," kama vile mtu kubadilisha matatu. Lakini fikirini nyumba ya Kiafrika ya miaka ile. Mtoto wa chifu anasema hataki kiti. Tena anasema hataoa. Hatapata mtoto wa kuitwa jina la babu. Katika mila zetu, za Wabukusu, za Wakikuyu, za Wakalenjin, za Waluo, hilo si jambo dogo. Ni kama kuzima moto wa jikoni. Kwa hivyo tusiseme kwamba kuacha kiti ni rahisi kwa mtu mtakatifu. Kina gharama, na gharama hiyo hulipwa pia na wale waliotutumaini.

Hakuwa peke yake katika Afrika Mashariki. Jirani zetu wa Tanzania wanamkumbuka Kadinali Laurean Rugambwa wa Bukoba. Yeye pia alitoka ukoo wa wakubwa akaenda seminari, na mwaka wa 1960 akawa Mwafrika wa kwanza mweusi wa nyakati zetu kufanywa kadinali.

Turudi kwa Otunga. Mapema mwaka wa 1957, akiwa na miaka 34 tu, aliwekwa kuwa askofu msaidizi wa Kisumu. Mwaka wa 1960 akapewa jimbo jipya la Kisii, akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka wa 1971 akawa Askofu Mkuu wa Nairobi, na tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo wa Sita akamfanya kadinali, wa kwanza katika nchi ya Kenya. Mwaka wa 1978 aliingia mara mbili katika mkutano wa kumchagua Papa.

Sasa najua kuna mtu hapo nyuma ananong'ona, "Lakini huyu aliacha kiti kidogo akapata kikubwa! Hata mimi ningekubali."

Ni neno la haki, nami napenda mtu anayesema hivyo. Jibu lake ni kwamba Otunga aliacha kiti mara mbili, na ile ya pili ndiyo itupayo somo. Mara ya kwanza alikuwa kijana, na kiti chenyewe alikuwa hajawahi kukikalia. Mara ya pili alikuwa mzee, amekalia kiti cha Nairobi kwa karibu miaka 26. Alijulikana kila mahali. Mwaka wa 1997, akiwa na miaka 74, akainuka. Kiti kikachukuliwa na Ndingi Mwana a'Nzeki, ambaye sisi wa Nakuru tunamjua vizuri, maana alikuwa askofu wetu tangu 1971 mpaka 1996.

Na yule mzee akaenda wapi? Si katika jumba kubwa. Alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, Kasarani, mahali ambapo masista huwatunza wazee maskini wasio na watu wa kuwaangalia. Mtoto wa chifu, kadinali, akala meza moja na mzee aliyeokotwa mtaani. Alifariki tarehe 6 Septemba 2003, akiwa na miaka 80. Mwili wake umelala Bustani ya Ufufuko, Karen, na Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, yaani maisha yake yanachunguzwa kama anafaa kutangazwa mtakatifu.

Hapo ndipo mimi na ile kalamu yangu ya Molo tuliona aibu. Kukataa kiti ambacho hujakikalia ni jambo moja. Kuinuka katika kile ulichokizoea, ambacho kimechukua umbo la mgongo wako, ni jambo lingine.

SEHEMU YA PILI: ASKARI ALIYEPEWA UFUNGUO WA GHALA

Jambo la kuacha ukubwa na kwenda kuishi kwa kazi na sala lilianza zamani sana. Twendeni nyuma kama miaka mia tisa, Ufaransa, katika eneo la Burgundy.

Huko kulikuwa na mzee mmoja mwenye ardhi, jina lake Tescelin. Alikuwa askari wa farasi wa mtawala wa eneo lile. Katika nchi hizo, siku hizo, mtu wa ukoo mkubwa alijifunza tangu utoto kupanda farasi, kuvaa mavazi ya chuma na kupigana kwa mkuki na upanga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na heshima yake. Kulima ilikuwa kazi ya watu wa chini.

Tescelin alikuwa na vijana sita. Mmoja wao, Bernard, akaamua kuingia monasteri maskini iitwayo Cîteaux, iliyokuwa imeanzishwa mwaka wa 1098. Wamonaki wa pale walitaka kurudia maisha ya zamani: kusali, kunyamaza, na kula jasho lao wenyewe. Bernard hakutaka kwenda peke yake. Akaanza kuwashawishi ndugu zake na marafiki mmoja mmoja.

Ndugu yake aitwaye Gerard alikataa kabisa. Huyu alikuwa askari hodari, akaona maneno ya Bernard ni upuuzi wa kijana. Inasimuliwa kwamba Bernard alimwekea kidole ubavuni akamwambia siku itakuja mkuki utapita pale, ndipo moyo wake utafunguka. Haikuchukua muda. Vitani Gerard alichomwa mkuki ubavuni, akashikwa, akafungwa. Alipotoka kifungoni akaweka silaha chini, akafuata ndugu yake. Mwaka wa 1113 hivi waliingia Cîteaux kundi la watu kama 30, wengi wao watoto wa wakubwa.

Kuna kisa kimoja cha siku ile ya kuondoka, nacho kitawachekesha ninyi mnaojua kesi za mashamba. Ndugu mkubwa, Guy, alimwona mdogo wao wa mwisho, Nivard, akicheza na watoto wenzake. Akamwambia afurahi, maana sasa ardhi yote ya baba itakuwa yake. Mtoto akajibu kwamba mgawanyo huo si wa haki: wao wakubwa wachukue mbingu, yeye wamwachie udongo! Baadaye naye akawafuata. Niambieni, ni lini tuliona nyumba hapa kwetu ambapo ndugu wanabishana nani apate shamba kwa sababu kila mmoja analikataa?

Lakini linalotuhusu hasa ni kazi aliyopewa Gerard. Mwaka wa 1115 Bernard alitumwa na wenzake 12 kuanza monasteri mpya, Clairvaux. Mwanzo ulikuwa wa njaa na baridi. Gerard, yule askari wa farasi, akawa mtunza ghala. Kwa lugha yetu ya vikundi, alikuwa mweka hazina na mtunza stoo pamoja. Nafaka, zana, majengo, mashamba, mafundi, vyote vilikuwa mikononi mwake. Gerard alipofariki mwaka wa 1138, Bernard alikuwa katikati ya mahubiri akashindwa kuendelea, machozi yakamtoka mbele ya watu. Alimsifu ndugu yake kwamba alijua kazi ya mwashi, ya fundi chuma, ya mkulima, ya mtunza bustani, ya fundi viatu na ya mfumaji. Mkono uliojua mkuki ulijifunza mambo hayo yote. Ushujaa wa vitani hata haukutajwa.

Mwone basi, mtu hakuacha silaha akakaa bure. Aliacha silaha akashika ufunguo na jembe. Wale tuliowaona hapa Rift Valley wakiweka chini mishale na panga baada ya mapigano, wengi walirudi kwa yale yale kwa sababu mikono yao ilibaki mitupu. Mkono mtupu hutafuta kitu cha kushika.

SEHEMU YA TATU: SHERIA ZA NYUMBA ILE

Je, watoto wa wakubwa wangewezaje kukaa na wengine bila kuwapanda vichwani? Walikuwa na sheria iliyoandikwa, ya Mtakatifu Benedikto, ambayo hata wakati wao ilikuwa na umri wa karne kama sita. Nimechagua mambo matano ambayo kikundi chochote kinaweza kuyafuata.

1. Nafasi ya mtu huhesabiwa kwa siku aliyoingia, si kwa ukoo wake. Mtoto wa bwana akiingia leo, anakaa nyuma ya mtoto wa mtumwa aliyeingia jana.

2. Mkuu, anayeitwa abati, huchaguliwa. Na kukiwa na jambo kubwa, lazima awaite wote na kuwasikiliza, hata yule mdogo kabisa, maana mara nyingine Mungu humfunulia mdogo lililo bora.

3. Vyombo vya kazi vitunzwe kama vyombo vya altare. Jembe la kikundi ni kama kikombe cha misa.

4. Abati awe na orodha ya vifaa, ajue alichotoa na alichorudishiwa. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

5. Wamonaki wa Cîteaux waliongeza jambo lao: kila monasteri ikaguliwe kila mwaka na abati wa monasteri mama, na maabati wote wakutane mara moja kwa mwaka kukosoana. Huo ndio ukaguzi. Si dharau, ni dawa.

Lakini nisiwafiche upande mwingine. Hata kwao kosa liliingia. Kulikuwa na mabruda waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya mashamba, wengi wao watu wa kawaida wasiojua kusoma, nao hawakuwa na kura ya kumchagua abati. Je, hatuna vikundi ambavyo wamama ndio wanachota maji na kukamua ng'ombe, lakini mwenye sahihi na mwenye neno la mwisho ni bwana mmoja anayekuja na kofia siku ya mgeni?

Na Bernard mwenyewe? Alitoka nyumba ya askari, hakushika upanga, lakini mwaka wa 1146 alisimama Vézelay akawahimiza watu kwenda vita vya msalaba. Maelfu walikwenda, na vita hivyo vikashindwa vibaya. Upanga uliotolewa mlangoni ulirudi kwa dirisha, ukiwa umevaa maneno matamu. Sisi wa Molo, Olenguruone, Njoro na Kuresoi tunajua maana yake. Mwaka wa 1992 na mwaka wa 2008 si kila aliyeua alianza na panga. Wengine walianza na hotuba. Askofu Ndingi alisimama 1992 akayasema wazi maovu ya vita vile, na ndiyo sababu jina lake linaheshimiwa mpaka leo. Kwa hivyo kiongozi ajichunguze mikono, na pia ajichunguze mdomo.

SEHEMU YA NNE: NYAYO ZAKE KIPKELION

Nilisema nyayo za Gerard zilifika kwetu. Mwaka wa 1956 wamonaki kutoka Uholanzi, wa ukoo ule ule wa Cîteaux, walifika Lumbwa, ambako sasa tunakuita Kipkelion, wakaanzisha monasteri ya Mama Yetu wa Victoria. Walisali usiku na mchana, wakalima na kufuga. Vijana wa Kiafrika wakajiunga nao, wa makabila mbalimbali, wakakaa chini ya paa moja na kula chungu kimoja.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto uliwaka kote. Watu wengi waliofukuzwa makwao walikimbilia monasteri ile, wakalala ndani ya ua wake. Wamonaki hawakuuliza mtu ni kabila gani. Lakini usalama ukawa mgumu, na mwishowe mwaka wa 2008 jumuiya yenyewe ikalazimika kuhama, ikaanza upya nchini Uganda. Zaidi ya miaka 50 ya kazi yao ikabaki nyuma.

Mtu anaweza kusema, basi wameshindwa. Mimi sioni hivyo. Waliokaa pale walikuwa wamejifunza tangu siku ya kuingia kwamba shamba si lao. Kwa hivyo walipolazimika kuliacha, waliumia, lakini hawakushika silaha ili kulibakisha. Tuwaulize mioyo yetu: sisi tungefanya nini?

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, cheo ni dhamana. Umeshikishwa, hukupewa kabisa. Kikundi kinachoanza kiandike katika katiba yake mwenyekiti atakaa miaka mingapi, na mwisho wake ni lini. Kuandika mapema wakati bado mnapendana ni rahisi kuliko kubishana baadaye.

Pili, anayeinuka apewe mahali pa kukaa. Viongozi wengi wa vikundi wanakwama kitini kwa sababu wanaogopa kuwa si kitu. Mwenyekiti aliyemaliza muda wake mpeni kazi ya heshima: awafundishe vijana, atunze stoo, awe mzee wa kupatanisha. Otunga alipata meza Kasarani. Gerard alipata ghala.

Tatu, anayeinuka ainuke kweli. Akabidhi funguo, kitabu cha benki, muhuri na orodha ya vifaa mbele ya watu wote, katibu akiandika. Asibaki na ufunguo mmoja mfukoni "kwa usalama". Mimi nilibaki na kalamu moja, mkaona matokeo yake.

Nne, wanaobaki wasimdharau. Mkimcheka aliyeondoka, yule wa sasa ataona na hatataka kuondoka kamwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani mwenye kiti, ufunguo au kalamu ambayo muda wake umepita? (Kila mtu aanze na yeye mwenyewe, asimnyooshee mwenzake kidole.)

2. Kama wewe ungekuwa Sudi Namachanja, mtoto uliyemtazamia akakuambia hataki kiti, ungefanya nini? Na je, kuna mtoto wako leo ambaye unamlazimisha kurithi usichojua kama anakitaka?

3. Ni nani katika kikundi anafanya kazi nyingi lakini hana neno? Tufanye nini mwezi huu kubadilisha hilo?

4. Vijana wa hapa kwetu wakiambiwa waache fujo, tumewapa kitu gani mkononi badala yake?

5. Tukiambiwa leo tuorodheshe vifaa vyote vya kikundi, jembe kwa jembe, debe kwa debe, orodha itatimia?

KAZI YA KUFANYA MPAKA MKUTANO UJAO

Katibu na watu wawili wasio viongozi watembelee mahali vifaa vilipo, waandike orodha, waisome mkutanoni. Kama kikundi hakina katiba inayosema muda wa viongozi, chagueni watu watatu waandike kifungu hicho kimoja tu. Msijaribu kuandika katiba nzima kwa siku moja.

Mwisho, tazameni kile kiti kitupu katikati. Mwenyekiti akae juu yake kwa muda wa kunyamaza kidogo, kisha ainuke mwenyewe, akirudishe kwenye duara pamoja na vingine. Akiweza kufanya hivyo akitabasamu, kikundi chenu kina afya.

Na mkitaka kujua, wale akina mama wa Molo? Nilitoa jina langu benki wiki ile ile. Walinunua ng'ombe mwingine bila mimi. Nilisikia habari zake kwa watu wengine, na mara ya kwanza niliumia kidogo kwamba hakuna aliyenipigia simu kuniuliza. Siku ya pili nikafurahi.

Mungu awabariki, na kazi iendelee.